Theluthi ya Ras Kidomo

Mchana wa jana, saa ambayo watu wenye akili zao wako kazini wanafanya kazi, Mwanakheri aliota. Aliota akiwa amekaa kitini, shavu juu ya meza ya ofisi ya hali ya hewa, mdomo wazi. Ndoto si yangu, ni yake, nami naisimulia kama alivyonipa. Na tafadhali, asitokee mtu hapa akaanza kunieleza maana ya kuota upepo. Sikuuliza.

Ila lazima mjue siku yenyewe ilikuwaje. Hamad, mdogo wake Mwanakheri, anaoa kisiwani Ukanga. Alasiri ile boti ilikuwa imchukue na ukoo mzima: shangazi, wajomba, wake za wajomba, watoto wachanga, masanduku ya bibi harusi, na vyakula vya kulisha kijiji. Boti ya Ukanga hupita chini kabisa ya Ras Kidomo, karibu na majabali kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaona haya kutoyasalimia, ndipo inashika njia ya kisiwani. Sheria ya bandari inasema upepo ukizidi kilomita hamsini kwa saa, boti haitoki. Na anayesema upepo ni kiasi gani ni Mwanakheri.

Sasa, mji mzima unajua kwamba watu wa Kidomo wanapiga chumvi. Mtu wa Kidomo akikwambia amevua samaki wa urefu wa mkono, wewe toa theluthi. Akikwambia anakuja na wageni sita, pika cha watu wanne. Hata akisema mbuzi wake ana mimba ya mapacha, watu hutoa theluthi, sijui wanabaki na nini. Wenyewe hukasirika, lakini watafanya nini, wamezoea.

Na kipima upepo cha ofisi kiliwekwa huko huko, juu ya rasi, kwenye ncha. Upepo ukitoka baharini unagonga jabali, unabanwa, unatafuta pa kupitia, unapita kwa kasi ambayo mjini haifiki kamwe. Mwaka mmoja ofisi ilitangaza namba ya Kidomo kama ilivyokuja. Maduka yakafungwa, shule zikafungwa, na mjini halikutikisika hata jani la mpapai. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu hapo ikawa mazoea: taarifa ya dharuba ikitoka Kidomo, unatoa theluthi, ndipo unaitangaza.

Asubuhi Vuai, mwangalizi wa kituo cha rasi, alipiga simu. Dharuba imepita pale, ghafla, kilomita sabini na mbili kwa saa. Mwanakheri akatoa theluthi, zikabaki arobaini na nane. Hazizidi hamsini. Akapeleka bandarini, akamshukuru Mungu kwa niaba ya Hamad, akaweka kichwa mezani, maana usiku kucha alikuwa anamenya vitunguu vya harusi.

Basi, akalala.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

"Karibu."

Anaingia Dharuba. Anainama kupita mlango, anaendelea kuinama, anaingia, anaingia, na bado nusu yake iko uani. Ni bwana mmoja mwenye kanzu ya kijivu na uso wa mtu aliyetoka msibani. Mwanakheri hashangai. Anamvutia kiti.

"Kimo chako?" anamuuliza, kalamu mkononi.

"Mita kumi."

"Umri?"

"Sekunde tatu."

Mwanakheri anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndivyo walivyofundishwa kazini: dharuba hupimwa mita kumi kutoka ardhini, na kasi yake ni wastani wa sekunde tatu. Mtu amekuja na sifa zake zote.

"Sekunde zimebaki ngapi?"

"Bado sijaanza," Dharuba anasema. "Nikianza nitakwambia."

Juu ya meza kuna kipima upepo kinachozunguka. Vikombe vyake vitatu vimejaa chai ya maziwa, na hakuna tone linalomwagika.

"Nisimamisheni," kinasema kipima upepo. "Nina kizunguzungu tangu mwaka juzi."

"Subiri zamu yako," anakijibu Mwanakheri. "Huoni nina mgeni? Enhe, bwana, shida yako nini?"

"Nimekuja kushitaki. Nimepunguzwa."

"Nani kakupunguza?"

"Watu wenye adabu zao," anasema Dharuba. "Ndiyo maana nimeshindwa kupiga kelele."

Mwanakheri anataka kumuuliza ni watu gani, lakini sakafu ya ofisi imekwisha kuwa jabali, na hakuna aliyeinuka kitini. Wako Ras Kidomo. Vuai amepiga magoti chini, ana mkasi wa fundi cherehani na utepe wa kupimia shingoni. Dharuba amelala chali mbele yake, mtulivu, mikono kifuani.

"Vuai! Unafanya nini?"

"Natoa theluthi, Bi Mwanakheri."

"Theluthi tunatoa sisi, mjini."

"Najua. Na mkishatoa mnacheka. Simu hamuikati vizuri, Bi, nawasikia. 'Kidomo hao,' mnasema, 'leo wameleta ya ngapi?' Miaka yote hiyo mimi nawasomea namba ya kweli, na miaka yote mnacheka. Safari hii nimesema bora nimpunguze mwenyewe, afike kwenu ana heshima."

Anakata. Mkasi unapita taratibu. Vuai anaikunja ile theluthi vizuri, anaikalia.

"Hiyo ilikuwa miguu yangu," anasema Dharuba, bila ugomvi.

Mwanakheri anamshika Dharuba mkono amrudishe mjini, na mji unakuja wenyewe. Ofisini kwake, nyuma ya meza yake, amekaa Mwanakheri mwingine. Gauni lile lile, ushungi ule ule, na vidole vinanuka vitunguu. Naye ana mkasi.

"Samahani sana," yule wa pili anamwambia Dharuba. "Ni utaratibu tu."

"Ngoja kwanza!" Mwanakheri anasema. "Huyu ameshapunguzwa. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona wapi?"

"Kidomo."

Yule wa pili anacheka kidogo, kwa upole. "Basi toa theluthi ya ulichokiona," anasema, na anakata.

Hapo Mwanakheri aliona aibu hata ndani ya ndoto. Aliniambia hivi: "Kile kicheko kilikuwa changu, yaani changu kabisa, nilikuwa sijawahi kukisikia kwa upande wa pili." Nikamwambia aendelee tu na ndoto.

Dharuba sasa ni wa kimo cha mwanafunzi. Wanatoka nje kumtafutia maji ya kunywa, na nje ni bandarini. Bwana Dachi, ofisa wa bandari, anakula muhogo wa kukaanga kwa kisu, na kwa kisu hicho hicho, bila kukifuta, anachukua theluthi yake.

"Na wewe tena?" Mwanakheri anapiga yowe. "Nani kakuruhusu?"

"Watu wa hali ya hewa ni waoga," Dachi anasema, mdomo umejaa. "Mkiniletea arobaini na nane mimi naandika thelathini na mbili. Nahodha asipate presha bure. Ana familia."

Kilichobaki ni kitoto cha kubeba mgongoni. Kimekonda, sauti imekuwa nyembamba, kanzu inaburuta. Kinamwangalia Mwanakheri kwa macho yale yale ya mtu aliyetoka msibani.

"Twende kwenye boti," kinasema. "Watanihitaji."

Boti imejaa vigelegele. Shangazi Mgeni amekaa mbele, kajitanda kanga mpya, kazungukwa na masinia. Huyu ndiye aliyemlea Mwanakheri na Hamad baada ya mama yao kufariki, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu siku hiyo.

"Mtoto wa nani huyo?" anauliza.

"Wa Kidomo, shangazi."

"Mzuri. Mbona hana miguu?"

"Wameikata."

"Maskini we. Mpe kitumbua."

Dharuba anakula kitumbua, anashukuru. Nahodha anatoka kwenye usukani wake na kuuliza kama upepo umefika. Mwanakheri anambeba Dharuba juu juu amwone.

"Huyu?" nahodha anasema, akimpapasa kichwa. "Aa, huyu hana neno." Anawasha injini.

Boti inakata maji. Hamad amesimama katikati ya wajomba, kilemba kimemkaa sawasawa, anacheka peke yake. "Dada," anasema, "leo ndiyo siku yangu." Mwanakheri anamwambia ndiyo, leo ndiyo siku yako.

Kisha kivuli cha jabali kinaifunika boti.

"Niteremshe," anasema Dharuba. "Nimefika kwetu."

"Kwenu si kule juu, kwenye kipimo?"

"Kule juu wamekiweka chombo chao. Mimi nakaa hapa chini, kwenye kona. Mnapopita ninyi."

"Lakini Kidomo hukuza mambo," Mwanakheri anasema. Anasikia mwenyewe jinsi sauti yake inavyoomba. "Kila mtu anajua."

"Inakuza kwa mtu wa mjini," Dharuba anamjibu, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Mtu wa mjini atoe theluthi, atoe hata nusu, ni haki yake, mimi simfikii. Ninyi mmekuja wenyewe mpaka mlangoni kwangu. Sasa mnanipimia nini kipimo cha mjini?"

Juu ya mawe wamejipanga Vuai, yule Mwanakheri wa pili na Dachi, kila mmoja kashika theluthi yake mikononi. Zimepigwa pasi. Dharuba anashuka, anazipokea moja moja, anasema ahsante kwa kila mtu, anavaa. Anaanza na ya Dachi, anakuwa kijana. Anavaa ile iliyokatwa ofisini, anakuwa mtu mzima. Anavaa miguu yake mwisho, na kichwa chake kinapanda, kinapanda, mpaka Mwanakheri anashika ushungi kwa nyuma ili aweze kumtazama.

"Bi Mwanakheri," anasema kutoka juu huko, na sauti si nyembamba tena. "Sasa naanza."

"Ngoja! Mdogo wangu anaoa!"

"Najua. Nimekula kitumbua chenu. Sitakawia, ni sekunde tatu tu."

"Zinatosha?"

Dharuba anafikiri. Ni mkweli, hataki kumdanganya mtu.

"Zinatosha," anasema. "Moja."

Mwanakheri anamgeukia nahodha apige kelele ageuze boti. Anapiga kelele. Lakini sauti inatoka imepungua theluthi, njiani inapungua theluthi nyingine, na inapofika kwa nahodha ni kama mtu anaulizia sukari iko wapi. Nahodha anampungia mkono. Hamad bado anacheka.

"Mbili," anasema Dharuba.

Mwanakheri akaamka.

Shavu lilikuwa limegandana na meza. Nje jua linawaka, mpapai wa uani umesimama kimya, hakuna jani linalojigusa. Mtu mwingine angejinyoosha, akanywa maji, akasema ni vitunguu vile. Mwanakheri alichukua simu kwa mikono miwili.

"Vuai. Ile sabini na mbili ya asubuhi, uliisoma au uliipunguza?"

Upande wa pili Vuai akakohoa.

"Vuai!"

"Nani kakwambia?" Vuai akauliza.

Mwanakheri akakaa chini, sakafuni, na simu yake.

"Mimi sijamwambia mtu," Vuai akaendelea, sauti imeshuka. "Wallahi hata mke wangu hajui. Nilitoa theluthi kichwani tu, nikiwa peke yangu hapa juu. Nani kakwambia, Bi?"

"Ilikuwa ngapi?"

"Mia na nane. Niliona haya. Nilijua mtacheka."

Hakuna aliyecheka. Mwanakheri akapiga bandarini, na Bwana Dachi akapokea akiwa anatafuna.

"Dachi, boti ya Ukanga iko wapi?"

"Inapakia. Shangazi yako anatugombeza hapa, masinia yake yamewekwa juani."

"Umeandika upepo kiasi gani?"

"Thelathini na mbili."

"Mimi nilikupa arobaini na nane!"

"Aa, si kama kawaida tu? Ninyi huwa mnakuza."

"Futa. Andika mia na nane."

"Sabini na mbili?"

"Mia na nane, Dachi!"

"Haya, haya. Naandika themanini, yaishe."

"Dachi, sikiliza. Ukipunguza hata kilomita moja, nakuja hapo nakuandikia mwenyewe, na kalamu nakuachia puani. Boti haitoki. Washushe watu."

Dachi akaacha kutafuna. "Nimshushe na shangazi yako?" akauliza kwa woga.

"Umshushe wa kwanza."

Mwanakheri alikwenda bandarini mbio, kiatu kimoja kimefungwa, kingine hakikufungwa. Alipofika aliwakuta wote gatini wamekaa juu ya masanduku, wamependeza, wamelowa jasho. Bahari ilikuwa imelala kabisa. Ilikuwa bahari ya kumtia mtu aibu.

Walimgeukia kwa pamoja. Wajomba walisema elimu imemharibu. Mke wa mjomba mmoja alisema ni wivu, kwa kuwa yeye mwenyewe harusi yake haikuwa na boti. Shangazi Mgeni aliwanyamazisha wote, apate nafasi.

"Mwanakheri! Watu wa Ukanga wamechinja. Bibi harusi kapakwa hina, kakaa anatusubiri. Na wewe, damu yetu, unatushusha kama mizigo mbele ya bandari nzima, kwa upepo upi? Uko wapi? Nionyeshe jani! Jani moja tu linalotikisika, nikuombe radhi hapa hapa!"

Mwanakheri alitafuta jani. Hakuliona.

Lakini kilichomuuma ni Hamad. Hamad hakumgombeza. Alikuwa amevua kilemba, amekishika magotini kwa mikono yote miwili. "Dada," alisema tu, "ungesubiri nioe kwanza." Mwanakheri akataka kumweleza kuhusu theluthi tatu, akaona kwamba itabidi aanze na bwana wa mita kumi aliyeingia ofisini kwa hodi, akanyamaza.

Akaanza kuogopa. Mia na nane ilikuwa ya asubuhi, imeshapita, nani alimwambia itarudi? Amevunja safari ya harusi ya mdogo wake, amewadhalilisha wazee, na mkononi ana nini? Usingizi wa mchana. Miaka yote ya kazi yake aliomba Mungu alete utulivu. Jana, amesimama pale gatini, akajikuta anaomba upepo, na papo hapo akaiogopa dua yake mwenyewe, akaikatisha katikati.

Simu ikaita. Vuai.

"Weka sauti kubwa!" akaamuru Shangazi Mgeni. "Tuwasikie na sisi hao wanaokutuma."

Akaweka. Kwanza hapakuwa na mtu, palikuwa na mngurumo. Ulitoka kwenye kile kisimu kidogo, ukawafanya watoto wachanga wanyamaze na mwanamke mmoja ashike masikio. Kitu kilipasuka huko, bati au mlango. Ungeanza kuhesabu moja, mbili, tatu, usingefika nne. Ukakatika mara moja. Kikabaki kusikika kifua cha mtu anayehema.

"Bi Mwanakheri?"

"Nakusikia, Vuai."

"Mia na kumi na moja. Sijapunguza."

"Imepita wapi?"

"Hapa chini, kwenye kona. Maji yamepanda mpaka ngazi za kituo, nimelowa mimi. Mara moja tu, Bi. Haikuwa na mvua, haikuwa na wingu. Na sasa hivi bahari ni shwari, hata siamini nilichokiona. Ilikuja kama mtu aliyepita kuangalia kuna nani, akakuta hakuna." Kisha akauliza: "Boti ya Ukanga ilikuwa ipite hapa saa hii, sivyo?"

"Ndiyo," akasema Mwanakheri.

Kule gatini hakukuwa na hata upepo wa kukausha jasho. Mdomo wa Shangazi Mgeni ulikuwa unacheza bila sauti, na kila mtu alijua anafanya nini, kwa sababu kila mtu alikuwa anafanya hilo hilo: anatoa theluthi. Wakamaliza hesabu, zikabaki sabini na nne, bado zinazidi hamsini, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa kasi yake, na kila aliyemaliza aligeuka kuitazama ile boti tupu iliyofungwa pale. Hamad alinyanyuka akawachukua watoto wawili waliokuwa wamesogea ukingoni, akawakalisha karibu naye, na hakuwaachia mikono.

Shangazi Mgeni akakaa juu ya sanduku. Alikaa muda, anaitazama miguu ya Mwanakheri, kile kiatu kisichofungwa.

"Mwanakheri mwanangu," akasema, "umekula?"

"Sijala tangu jana, shangazi."

Hapo Shangazi Mgeni akafungua hotpoti la biriani la watu wa bibi harusi, lile alilokataza lisiguswe mpaka Ukanga, akampakulia sahani imefurika, nyama zote juu, akasimama mbele yake mikono kiunoni mpaka alipomaliza.